Nyani akikenua meno, anacheka? Namna ya kusoma uso wa nyani bila kujidanganya

Swali: Shikamooni wataalamu. Niko Morogoro, nasoma shahada ya uzamili ya wanyamapori, na nataka kuchunguza jinsi nyani wa Mikumi wanavyowasiliana kwa sura. Nina miezi minne ya kukaa hifadhini, kamera moja yenye lenzi ya kuvuta mbali, na simu yangu. Kila dereva na kila mwongoza watalii ana tafsiri yake: akikenua anacheka, akipiga miayo kachoka, akipandisha nyusi anashangaa. Msimamizi wangu ananiuliza neno moja tu, "utathibitishaje?" Nianzie wapi? Na je, siku hizi si kuna programu za kompyuta zinazofanya kazi hii zenyewe?

Jibu: Marahaba. Msimamizi wako amegusa penyewe. "Kucheka", "kuchoka" na "kushangaa" ni majina ya mambo ya moyoni, na moyo wa nyani hauingii kwenye kamera. Kinachoingia ni ngozi na misuli: nyusi zimepanda, masikio yamelala, pembe za mdomo zimevutwa nyuma. Andika hayo kwanza. Maana utaitafuta baadaye, katika kile ambacho nyani huyo na mwenzake anayemtazama wanakifanya ndani ya sekunde chache zinazofuata. Ukiandika "amekasirika" kwenye daftari la porini, umeshapoteza data, kwa sababu wewe mwenyewe ukirudi miezi mitatu baadaye hutakumbuka uliona nyusi au ulisikia mlio.

Tuanze na hayo meno, maana ndiyo yanayopotosha wengi. Nyani wa njano wa Mikumi huonyesha meno kwa namna zisizopungua nne, na hazifanani ukizitazama kwa utulivu. Ya kwanza ni kukenua: pembe za mdomo zinavutwa nyuma kwa ulalo, midomo inaachia meno ya juu na ya chini, taya karibu limefungwa. Mwili mara nyingi umejikunyata au umeegemea upande wa kukimbilia, na mkia unaweza kusimama wima. Anayefanya hivyo kwa kawaida ni mnyonge mbele ya mwenye cheo. Ya pili ni kinywa wazi cha mchezo, hasa kwa watoto: taya limeshuka, midomo imelegea, meno ya juu yamefichwa nusu au yote, na mwili unarukaruka. Ya tatu ni kinywa wazi cha vitisho, kinachoambatana na kukodoa macho na kupandisha nyusi. Ya nne ni miayo, kichwa kikirudi nyuma na chonge zikibaki nje.

Kwa hiyo anayesema "anacheka" akiona kukenua amekosea kwa nyani, ingawa kosa lake lina historia. Mholanzi Jan van Hooff, katika kazi zake za miaka ya 1960 na 1970, alipendekeza kuwa tabasamu la binadamu lina undugu na kukenua kimya, na kicheko chetu kina undugu na kinywa wazi cha mchezo. Undugu wa umbo haumaanishi maana moja. Kwa makaku (kima ambao wengi wao ni wa Asia) aina ya rhesus, kukenua kimya ni ishara ya anayekubali udogo wake. Kwa makaku wa Tonkean kule Sulawesi, kisiwa cha Indonesia, ambao hawabanani sana kwa vyeo, sura hiyo hiyo hutumika katika urafiki, na mandrili, jamaa za nyani wa misitu ya Afrika ya Kati, hukenuliana wakisalimiana. Basi usichukue tafsiri ya jamii moja ukaivika nyingine. Mitaani tunawaita wote nyani au kima kwa mkupuo mmoja, lakini kwenye data yako tumbili ni tumbili na nyani ni nyani.

Nyusi ni rahisi zaidi. Nyani akipandisha nyusi, ngozi ya kichwa inavutwa nyuma, masikio yanalala, na kope nyeupe zinatokeza ghafla kwenye uso mweusi. Kwetu binadamu nyusi juu ni mshangao. Kwa nyani ni onyo. Linaweza kudumu sehemu ndogo tu ya sekunde, na mtu anayeandika kwa kalamu tayari ameshachelewa.

Miayo iache wazi kwa sasa. Madume hupiga miayo kuliko majike, na mingi hutokea dume jingine likiwa karibu, lakini mingine ni ya usingizi kweli. Usijaribu kuitenganisha kwa kutazama kinywa peke yake. Andika nani yuko ndani ya mita 10, na kilichotokea dakika moja kabla, kisha takwimu zikutenganishie.

Alfabeti ya misuli

Huna haja ya kubuni majina ya sura. Mwaka 1978 Paul Ekman na Wallace Friesen walitoa FACS, mfumo unaoupa kila msogeo wa uso wa binadamu namba yake kulingana na msuli unaouzalisha. Baadaye wanasayansi walipasua nyuso za wanyama, wakalinganisha misuli, wakatoa matoleo mengine: ChimpFACS ya sokwe mwaka 2007, na MaqFACS ya makaku, iliyotolewa na Lisa Parr na wenzake mwaka 2010. Makaku na nyani ni ndugu wa karibu, hivyo MaqFACS ndiyo pa kuanzia kwako. Miongozo ya wanyama inapatikana bure mtandaoni pamoja na mtihani wa kujipima. Ufanye huo mtihani kabla hujaingia hifadhini, si baada.

Namba utakazozihitaji sana ni chache: 1+2 kupandisha nyusi, 45 kupepesa, 10 kuinua mdomo wa juu, 12 kuvuta pembe za mdomo, 16 kushusha mdomo wa chini, 18 kukusanya midomo mbele, 25 midomo kuachana, 26 taya kushuka, 27 kinywa kupanuliwa hadi mwisho, na EAU3 masikio kulazwa. Kukenua sasa inakuwa 10+12+16+25. Mchezo una 25 na 26 au 27, bila 10. Ghafla wewe na msimamizi wako mnabishana juu ya kitu kinachoonekana.

Tahadhari: namba hizo zilithibitishwa kwa makaku. Taya na pua ya nyani ni ndefu zaidi, kwa hiyo msogeo wa 12 huonekana tofauti. Tenga wiki ya kwanza ya video upitie kila namba, ujiulize kama unaiona kweli kwa nyani wako. Usiyoiona iondoe na ueleze sababu.

Na kuna kosa moja dogo linaloharibu tasnifu nzima: kuchanganya "hakufanya" na "haikuonekana". Nyani aliyekupa ubavu anaficha nyusi ya upande wa pili. Aliyekutazama uso kwa uso anaficha kurudi kwa pembe za mdomo, maana pua yake ndefu imekaa mbele. Kwa kila namba weka majibu matatu: 1 amefanya, 0 hakufanya, na X haionekani. Ukijaza 0 mahali pa X, utagundua "sura adimu" ambayo uadimu wake umetokana na mahali ulipoegesha gari.

Kamera

Rekodi kwa fremu 50 kwa sekunde au zaidi. Kwa fremu 25, kila fremu inabeba milisekunde 40. Sura ya robo sekunde inakupa fremu 6 tu, na mbili za katikati huwa na ukungu. Kwa 50 unapata 12. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/250. Zima mwanga wa otomatiki: kamera ikiona uso mweusi mbele ya nyasi zilizokauka, inapima nyasi na uso unabaki kivuli kisicho na macho. Pima mwanga kwenye uso, uache nyasi ziungue. Kisha kuna paji la nyani lenyewe, lililotokeza kama upenu wa nyumba. Kuanzia saa 5 hadi saa 9 mchana jua liko juu na upenu huo unatupa kivuli juu ya kope, hata lenzi ya bei mbaya haikusaidii. Saa zako za nyuso ni kuanzia saa 12 na nusu hadi saa 4 asubuhi, na tena baada ya saa 10 jioni.

Uso uchukue angalau robo ya urefu wa picha. Hapo unaingia kwenye mtego mwingine: ukivuta uso, unampoteza anayetazamwa. Ndipo simu yako inapata kazi. Ifunge kwenye dashibodi irekodi eneo zima kwa upana, huku kamera ikifuata uso mmoja. Mwanzo wa kila kipindi rekodi kwa zote mbili saa ya kidijitali inayoonyesha sekunde, ili uzioanishe baadaye. Usipige makofi kama wapiga filamu, kundi litakugeukia lote. Sauti rekodi kwa faili za WAV, 44.1 kHz, maikrofoni ikiwa na kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo.

Nafasi ya kuhifadhi wengi huisahau. Video ya HD kamili ya fremu 50 kwa kiwango cha megabiti 28 kwa sekunde hula takriban GB 12.6 kwa saa. Saa 80 ni kama TB 1, na nakala mbili ni TB 2, bila kuhesabu ya simu. Diski mbili zisikae begi moja.

Nani wa kumrekodi, na kwa muda gani

Usirekodi "kinachovutia". Ukifanya hivyo utarudi na ugomvi mtupu, kwa kuwa kelele ndizo zinazogeuza kichwa cha binadamu, na utaandika kwamba nyani ni watu wa vurugu. Jeanne Altmann, mmoja wa walioanzisha mwaka 1971 ufuatiliaji wa muda mrefu wa nyani wa Amboseli, Kenya, aliandika mwaka 1974 makala ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mbinu hii: chagua mnyama mmoja kwa orodha iliyochanganywa kabla, mfuate kwa muda maalumu, urekodi yote, hata akilala.

Kwa miezi minne, wiki tatu za mwanzo ni za kuwajua kwa sura: masikio yaliyochanika, mikunjo ya mkia, makovu puani, rangi ya manyoya ya mashavuni. Kisha tuseme una nyani wakubwa 20. Kila mmoja vipindi 16 vya dakika 15: hivyo ni vipindi 320, saa 80. Kwa siku 80 za kazi ni vipindi 4 kwa siku, jambo linalowezekana hata gari likikwama siku mojamoja. Nje ya vipindi hivyo, andika kila tukio la mmoja kumpisha mwingine kwenye chakula au kivuli. Ndilo litakalokupa ngazi ya vyeo, na bila vyeo kukenua hakusomeki.

Kutoka uso hadi maana

Hapa ndipo "utathibitishaje" linajibiwa. Mfano wa kuufuata uko Botswana, hifadhi ya Moremi, ambako Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walichunguza kuguna kwa nyani wa kusini. Hawakuuliza kuguna "kunamaanisha" nini. Waliuliza: jike mwenye cheo akimkaribia wa chini huku akiguna, yanayofuata yanatofautiana vipi na pale anapokaribia kimya? Wakakuta anayeguna hashambulii mara nyingi, na huishia kwenye mambo ya kirafiki zaidi. Ishara imepata maana kutokana na kile inachotabiri.

Wewe fanya hivyo kwa midomo. Nyani anapokwenda kwa mama mwenye mtoto mchanga, hukusanya midomo na kuichapachapa haraka, ulimi ukichungulia, mara nyingi na kuguna juu yake. (Usiichanganye na kutafuna. Kwa makaku aina ya rhesus midomo huchapwa kama mara 5 kwa sekunde na kutafuna ni kama mara 2.5, hesabu mizunguko kwenye fremu, usikisie.) Kusanya kila ujio ndani ya mita 2, wenye kuchapa midomo na usio nao. Andika sekunde 10 zinazofuata: aliondoka, alibaki, alimgusa mtoto, walichambuana manyoya, alipigwa. Ujio wa kimya wa wawili walewale ndio mizani yako. Wanaoanguka hapa ni wale waliokusanya sura tu, wakasahau kukusanya nyakati ambazo sura haikutokea.

Tenganisha pia anayesoma uso na anayesoma matokeo. Kata klipu ya uso ianze sekunde 2 kabla na iishe sura inapoisha, zima sauti, ibadilishe jina iwe namba, uichanganye na nyingine. Matokeo yasomwe siku nyingine kutoka video ya simu. Mtu akijua kwamba ugomvi unakuja, atauona usoni hata kama haupo.

BORIS ni programu ya bure inayofaa kwa kazi hii. Pita kwanza kwa kasi ya kawaida ukitia alama matukio, kisha rudi fremu kwa fremu kwenye matukio tu. Ukijaribu kusoma saa 80 zote fremu kwa fremu hutahitimu; dakika moja ya uso inaweza kumeza saa nzima.

Asilimia 90 isiyo na thamani

Tafuta mwenzako asome upya sehemu ya klipu zako, tuseme 200. Wengi huandika "tulikubaliana kwa asilimia 90" wakapumua. Hebu tazama. Wewe umeona nyusi zikipanda kwenye klipu 20, yeye 20, lakini ni 10 tu mlizoziona wote. Zisizo na nyusi mmekubaliana 170. Jumla ya makubaliano ni 180 kati ya 200, yaani 0.90. Sasa piga hesabu ya bahati: 0.1 × 0.1 jumlisha 0.9 × 0.9 ni 0.82. Kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kinachoondoa bahati, ni (0.90 − 0.82) ÷ (1 − 0.82), yaani 0.44. Mmekosana kwenye nusu ya alichokiona kila mmoja wenu! Toa kapa kwa kila namba peke yake, ulenge 0.8, na namba iliyobaki chini ya 0.6 irudieni kuijifunza pamoja au ifute. Rudia mwenyewe asilimia 10 ya klipu zako za mwanzo baada ya mwezi, maana jicho huteleza polepole bila mwenyewe kujua.

Kosa la mwisho la takwimu: sura 600 kutoka kwa nyani 20 si ushahidi 600. Dume moja lenye tabia ya kupiga miayo linaweza kubeba robo ya data yako. Tumia modeli inayomtambua kila mnyama na kila jozi. Katika R, programu ya bure ya takwimu, kifurushi cha lme4 kinatosha.

Wewe mwenyewe ni uso

Nyani haoni kundule, na mtafiti haoni uso wake. Kumkodolea macho nyani ni kumtisha, na jicho kubwa la lenzi linalomwelekea linamkodolea pia. Tazama kupitia kioo kidogo cha kamera ukiwa umegeuza kichwa pembeni, usimchekee kwa meno, usile garini. Sura yoyote iliyoelekezwa kwako, kwenye gari au kwa mtalii itie alama ya "binadamu" na uitoe kwenye uchambuzi. Mikumi ina tatizo la ziada: barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa inakatiza hifadhi kwa takriban kilomita 50, na nyani wa barabarani wamezoea maganda ya ndizi yanayorushwa dirishani. Chagua kundi linalokaa ndani. TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) waone mapema kwa ajili ya vibali, pamoja na askari wa kukusindikiza ukishuka garini.

Kuhusu programu za kompyuta: DeepLabCut, iliyotoka mwaka 2018, inaweza kufundishwa kufuata vituo usoni, kama pembe za mdomo, ncha za nyusi na masikio, ikakupa umbali kati yake kwa kila fremu. Lakini wewe ndiye unayeweka vituo hivyo kwa mkono kwenye mamia ya fremu za mwanzo, za nyani tofauti na mwanga tofauti, na nyani akigeuza kichwa kidogo umbali wote unabadilika bila msuli hata mmoja kusogea. Itumie kwa jambo moja lenye mdundo, kama kuhesabu midomo inavyochapwa, kwenye klipu ambazo kichwa kimetulia. Namba za misuli zisome kwa macho.